Namna ya Kununua Kronografu ya Kifahari kwa Mkusanyaji Anayeishi Dodoma

Kronografu ya kimakanika ni mitambo miwili iliyobanwa ndani ya kasha moja la saa ya mkono. Mtambo wa kwanza unaonyesha wakati na hausimami. Wa pili hutulia mpaka kitufe kibonyezwe, ndipo mshale mrefu wa katikati unapoanza kuhesabu sekunde za jambo linalopimwa, kisha ukasimamishwa na kurudishwa sifuri. Kazi yote hiyo hufanywa na springi, gia na vijiwenzo, bila betri. Kwa hiyo kronografu ina vipande vingi kuliko saa ya kawaida ya kutia ufunguo, ina mengi yanayoweza kuharibika, na fundi anayeweza kuifungua na kuifunga ikabaki salama ni wa kutafutwa. Mkusanyaji anayeishi Dodoma, Singida au Kondoa anapaswa kujua kwanza ni nani atakayeitengeneza saa yake, ndipo achague mtambo, ndipo amchague muuzaji, na suala la bei liwe la mwisho. Wanaoanza na bei ndio wenye saa nzuri zilizosimama kabatini.

Fundi kabla ya saa

Mafundi saa wa mjini kwetu, wale wenye meza za vioo katikati ya mji na masokoni, hubadilisha betri, hupunguza cheni, huweka mikanda mipya na hata kufufua saa za zamani za kutia ufunguo, na wengi wao wana mikono yenye ustadi wa kweli. Hata hivyo kronografu ya kifahari inahitaji mafuta ya aina kadhaa yanayowekwa kwa vipimo vidogo mno, zana zinazolingana na mtambo husika, na vipuri ambavyo kampuni nyingi kubwa huvitoa kwa warsha zilizoidhinishwa pekee. Ustadi peke yake hautoshi pale kipuri kinapokosekana.

Kabla ya kulipa hata shilingi, iandikie kampuni inayotengeneza saa uliyoikusudia na kuiuliza mambo matatu: ni kituo gani cha huduma kinachowahudumia wateja wa Tanzania, kama kituo hicho hufungua kronografu chenyewe au huipeleka Uswisi, na sevisi kamili huchukua muda gani kwa gharama gani. Majibu yake yatakusaidia kuchagua kuliko tangazo lolote. Kampuni nyingi hupendekeza mtambo ufunguliwe, usafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka 5 hadi 10, na sevisi moja ya kronografu hugharimu mamia kadhaa ya dola, ambapo kwa majina makubwa inaweza kuvuka dola 1,000. Iongeze gharama hiyo kwenye bei tangu mwanzo. Mtu ambaye fedha zake zinatosha kununua saa lakini hazitoshi kuitunza, kwa maoni yangu, asinunue bado. Aendelee kuweka akiba, kwa sababu mtambo uliokauka mafuta huendelea kujila wenyewe kila siku unapovaliwa.

Kuuelewa mtambo unaoununua

Jambo la kwanza la kutofautisha ni namna mtambo unavyopata nguvu. Kuna kronografu zinazotiwa ufunguo kwa mkono kila siku au kila baada ya siku mbili, na kuna zinazojitia zenyewe kwa uzito unaozunguka mkono unapotikisika. Aina hii ya pili ina umri mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1969 ndipo mashindano ya kuitengeneza yalipofikia kilele: Zenith walitangaza El Primero tarehe 10 Januari, kundi la Heuer, Breitling, Hamilton-Büren na Dubois Dépraz likatangaza mtambo wake tarehe 3 Machi, na Seiko wakaingiza sokoni 6139 nchini Japani mwaka huohuo. Kabla ya hapo kronografu zote zilikuwa za kutia ufunguo kwa mkono, ikiwamo Omega Speedmaster, ambayo NASA iliidhinisha tarehe 1 Machi 1965 kwa safari zake za anga na ambayo Buzz Aldrin aliivaa mwezini mwaka 1969.

Jambo la pili ni namna vitufe vinavyouamrisha mtambo. Katika ujenzi wa zamani na wa gharama zaidi, amri hupitia gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama wima, ambalo huzunguka hatua moja kila kitufe kinapobonyezwa. Katika ujenzi mwingine amri hupitia kemu, yaani kipande bapa kilichokatwa kwa umbo maalumu, ambacho ni rahisi kutengeneza na kurekebisha. Wauzaji hupenda kusema kwamba gurudumu la nguzo ni bora kwa kila hali, lakini sikubaliani nao. Kitufe cha gurudumu la nguzo hubonyezeka kwa ulaini na usawa unaopendeza kidole, ilhali kemu huhitaji msukumo mkubwa kidogo. Katika kupima muda, hata hivyo, yote mawili ni sahihi sawasawa. Valjoux 7750, mtambo wa kemu uliotoka katika miaka ya 1970, umetumiwa na kampuni nyingi zenye heshima na umerithiwa na mtambo wa Sellita SW500 unaofanana nao. Fundi aliyefunzwa, awe Nairobi, Dubai au Johannesburg, anaufahamu, na vipuri vyake vinapatikana. Kwa mkusanyaji wa Kanda ya Kati anayenunua kronografu yake ya kwanza, upatikanaji huo una thamani kuliko ulaini wa kitufe.

Jambo la tatu ni klachi, yaani kiungo kinachounganisha sehemu ya kronografu na mtambo wa saa kitufe kinapobonyezwa. Klachi ya mlalo huunganisha gia mbili ubavu kwa ubavu, na meno yanapokutana mshale unaweza kuruka kidogo. Klachi ya wima hubana sahani mbili, moja juu ya nyingine, kwa hiyo mshale huondoka bila kuruka na kronografu inaweza kuachwa ikitembea muda mrefu bila kuulemea mtambo. Rolex Daytona ya kuanzia mwaka 2000, ilipoacha mtambo uliotokana na ule wa Zenith na kupewa wa Rolex wenyewe, ina klachi ya wima. Hali kadhalika Breitling zenye mtambo wa B01 na Tudor Black Bay Chrono, ambayo mtambo wake umetokana na huohuo B01. Speedmaster ya kutia ufunguo inatumia klachi ya mlalo hadi leo, na wanaoipenda huipenda pamoja na mruko wake mdogo.

Jambo la nne ni kasi ya mapigo. Mtambo unaopiga mara 28,800 kwa saa hugawa sekunde katika sehemu 8. El Primero unaopiga mara 36,000 huigawa katika sehemu 10. Tofauti hiyo hupendeza kuijua, lakini isikuongezee bei kubwa isipokuwa unaipenda El Primero kwa sababu ya historia yake.

Mzunguko wenye namba zilizoandikwa pembeni mwa kronografu nyingi hupima mwendokasi kwa umbali wa kilomita moja, na ni vizuri ujifunze kuutumia kabla ya kununua. Ukiwa abiria kwenye basi la kwenda Morogoro, bonyeza kitufe cha juu unapopita nguzo ya kilomita na usimamishe kwenye nguzo inayofuata. Mshale ukisimama kwenye sekunde ya 45, utaonyesha 80 kwenye mzunguko huo, kwa sababu 3,600 ikigawanywa kwa 45 ni 80, na huo ndio mwendo ambao basi halitakiwi kuuzidi.

Kuikagua saa mkononi

Hapa ndipo unapopaswa kutumia muda mwingi, na muuzaji anayekuharakisha katika hatua hii haifai kufanya naye biashara. Omba meza yenye mwanga mzuri, kitambaa laini na lenzi ya fundi saa, kisha saa itiwe ufunguo mpaka ijae.

Tazama kwanza mshale mrefu wa katikati ukiwa umetulia. Lazima usimame juu ya alama ya 12 bila kuegemea upande wowote, na mishale ya visahani vidogo vya kronografu nayo iwe sifuri kamili. Bonyeza kitufe cha juu polepole mpaka uhisi kinapofika mahali pa kukata. Kisikwame, kisilegee, wala kisihitaji kubonyezwa mara mbili. Mshale uondoke mara moja. Mruko mdogo unavumilika kwenye klachi ya mlalo; kwenye klachi ya wima ni dalili ya ubovu. Sasa iache itembee angalau nusu saa, huku ukichungulia kila mshale mrefu unapokaribia 12, ili uone kama mshale wa kisahani cha dakika unasogea hatua kamili au unabaki katikati ya mistari miwili. Wanunuzi wengi huipima kwa sekunde 10 tu na kuridhika, wakati kasoro za hesabu ya dakika na ya saa hujitokeza baada ya muda.

Simamisha kwa kitufe cha juu, kisha rudisha kwa kitufe cha chini. Mshale urudi kwa mara moja na kutua palepale ulipoanzia. Rudia zoezi hilo mara kadhaa ukisimamisha sehemu tofauti za uso wa saa, kwa kuwa mshale uliolegea kwenye mhimili wake unaweza kutua vizuri ukitoka kwenye 20 na kupinda ukitoka kwenye 50. Muda wote huo mshale mdogo wa sekunde za kawaida uendelee kutembea. Ukisita kronografu inapowashwa, mtambo umechoka.

Kisha omba saa iwekwe juu ya mashine ya kupimia mwendo, ambayo husikiliza mapigo na kuonyesha namba tatu. Ya kwanza ni sekunde ambazo saa inazidisha au kupunguza kwa siku. Kiwango cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi, ni wastani wa kati ya kupunguza 4 na kuzidisha 6. Ya pili ni upana wa mzunguko wa gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi ili kuongoza mwendo wa saa, ambao kwa saa iliyojaa ufunguo na kulazwa chali huwa karibu na digrii 270 hadi 310. Ya tatu ni tofauti kati ya pigo la kwenda na la kurudi, ambayo inafaa iwe chini ya milisekunde 1. Soma namba hizo kronografu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Digrii kupungua kidogo ni kawaida, hasa kwa klachi ya mlalo. Zikishuka chini ya 220, ama mafuta yamekauka ama kuna kipande kilichochakaa, na gharama ya sevisi iondolewe kwenye bei. Saa inayozidisha dakika nyingi kwa siku huenda imeshika sumaku tu, tatizo ambalo huondolewa kwa kifaa cha bei nafuu. Mahali pasipo na mashine, zipo programu za simu zinazosikiliza mapigo kwa kipaza sauti. Si sahihi kama mashine, lakini huweza kufichua saa iliyo taabani.

Baada ya mtambo, kagua kasha. Chukua lenzi na utazame pembe nne zinazoshikilia mkanda: kasha lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina kingo kali na mpaka ulionyooka kati ya sehemu inayong'aa na iliyopigwa mistari. Kasha lililosuguliwa mara nyingi lina pembe zilizoviringika, na namba za utambulisho zilizochongwa huwa zimefifia. Chuma kilichosuguliwa hakirudi, na ningependelea mara kumi saa yenye mikwaruzo ya uaminifu kuliko iliyong'arishwa ikapoteza umbo lake.

Kuhusu saa feki, usitegemee uzito wala mng'ao. Feki za hali ya chini hujitambulisha zenyewe, kwani visahani vyake huonyesha siku au tarehe badala ya kuhesabu dakika za kronografu, au havisogei kabisa. Za hali ya juu hubeba mitambo ya kimakanika iliyonakiliwa kutoka 7750 na hufanya kazi, hivyo dawa yake ni kufungua kifuniko cha nyuma mbele ya fundi anayeujua mtambo halisi, na kulinganisha namba ya kasha na kadi ya dhamana. Boksi na karatasi peke yake si ushahidi, kwa kuwa navyo hughushiwa na huuzwa bila saa.

Kronografu za zamani

Saa za kabla ya miaka ya 1990 zina mvuto mkubwa, na pia zina mitego mingi. Uliza kama kila kipande ni cha wakati wake. Speedmaster za miaka ya 1960 zina mzunguko wa pembeni wenye nukta iliyokaa juu ya namba 90, si ubavuni kwake, na kipande hicho kimoja huongeza bei kiasi kwamba hughushiwa au huhamishwa kutoka saa nyingine. Uso wa saa wenye herufi T pembeni mwa neno SWISS ulipakwa tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Uso wa namna hiyo wa mwaka 1970 ukiwaka usiku kucha, umepakwa rangi upya, chochote muuzaji atakachosema. Rangi ya alama kwenye uso na ile ya kwenye mishale zifanane katika uzee wake.

Daytona zenye uso unaoitwa wa Paul Newman, mwigizaji wa filamu wa Marekani, ni somo linalojitegemea. Ile iliyokuwa ya mwigizaji huyo mwenyewe iliuzwa New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.7, na tangu zamani nyuso za aina hiyo zimekuwa zikighushiwa. Nashauri bila kusitasita kwamba mkusanyaji anayeanza asiguse saa hizo isipokuwa kupitia nyumba ya mnada inayotoa dhamana ya maandishi.

Muuzaji, malipo na forodha

Orodha ya mawakala rasmi hupatikana kwenye tovuti ya kila kampuni. Itumie hiyo, usitumie maneno ya duka. Kwa saa mpya, wakala rasmi hukupa dhamana ya kampuni, ambayo kwa Rolex na Omega ni miaka 5. Kwa baadhi ya saa, Daytona ikiwa mfano ulio wazi, wakala atakuandika kwenye orodha ya kusubiri, na wafanyabiashara wa kati watakuuzia leo kwa bei iliyo juu ya ile ya kiwanda. Mimi ningesubiri, na wakati nikisubiri ningetafuta kronografu nyingine iliyotumika vizuri, kwa muuzaji anayekubali kwa maandishi kuirudisha ndani ya siku kadhaa iwapo fundi huru ataikuta na kasoro.

Usitume fedha za saa ya thamani kwa mtu uliyekutana naye mtandaoni pekee. Mkikubaliana kukutana, mkutane ndani ya benki au ofisi ya fundi, na hati ya mauzo itaje jina la saa, namba ya kasha, namba ya mtambo na hali yake. Mauzo yakifanyika hapa nchini, kumbuka kwamba kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni, hivyo anayedai dola taslimu Dodoma au Dar es Salaam anakuingiza kwenye kosa.

Saa inayonunuliwa nje hudaiwa kodi inapoingia nchini, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kujumuisha ushuru wa forodha. Omba makadirio TRA au kwa wakala wa forodha kabla hujanunua, kisha uitangaze uwanjani ukiwa na risiti halisi. Kuivaa mkononi na kupita kimya ni kuhatarisha saa yenyewe, na mkusanyaji atakayekuja kuinunua kwako baadaye atataka kuona hati za forodha. Aliyenunua Dubai kama mtalii anaweza kudai arudishiwe sehemu kubwa ya VAT ya huko, ambayo ni asilimia 5, kabla ya kuondoka. Jambo moja dogo husahaulika: mkanda wa ngozi ya mamba husafirishwa kimataifa kwa kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo saa inayotumwa kwa kifurushi iagizwe ikiwa na cheni ya chuma, mpira au ngozi ya ng'ombe.

Kuilinda katika hali ya hewa yetu

Vumbi la kiangazi cha Dodoma ni laini na huingia popote. Chagua saa yenye taji (kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo) linalokazwa kama skrubu ikiwezekana, usiseti saa ukiwa nje upepo unapovuma, na mipira ya kuzuia maji ikaguliwe kila mara saa inapofunguliwa. Speedmaster huuzwa kwa kioo cha plastiki au cha yakuti. Cha plastiki hukwaruzwa na mchanga ingawa hung'arishika kwa dawa yake, ilhali cha yakuti ni kigumu kuliko mchanga wenyewe. Kwa matumizi ya kila siku huku kwetu ningechukua cha yakuti.

Usibonyeze vitufe vya kronografu saa ikiwa ndani ya maji. Usibonyeze kitufe cha kurudisha wakati mshale ungali unatembea, isipokuwa mtambo uliundwa kuruhusu hivyo. Kama saa ina tarehe, usiibadilishe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa kuwa gia za tarehe za mitambo mingi huwa zimeshikana katika muda huo na meno yake huweza kuvunjika. Iweke mbali na spika na kava za simu zenye sumaku. Mahali pa sevisi pakiwa Dar es Salaam au panapofikiwa kupitia huko, ipeleke mwenyewe kwa treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, badala ya kuituma kwa basi, na uondoke kwenye kituo cha huduma na stakabadhi yenye namba ya kasha na picha za saa ilivyokuwa siku ulipoikabidhi.